Mfupa wa Basarab

Kwenye plasta ya ukuta wa kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Curtea de Argeș, kusini mwa Romania, mtu alikwaruza maneno machache ya Kislavoni: mwaka 6860, huko Câmpulung, amefariki Basarab, voivoda (mtawala) mkuu. Mwaka huo unahesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kama walivyohesabu Wakristo wa Mashariki. Kwetu ni 1352. Hakuna sifa wala maombolezo. Ni mkwaruzo tu, lakini kwangu mimi una uzito kuliko makaburi mengi ya marumaru.

Basarab alikuwa mwana wa Thocomerius, na jina lake lina asili ya Kituruki, si ya Kiromania. Mwezi Novemba mwaka 1330, Károly Róbert, mfalme wa Hungaria, alikuwa akirudi kwao baada ya kwenda kumtia adabu. Jeshi lake likaingia bonde jembamba milimani, na watu wa Basarab wakiwa juu, huku na huku. Kwa siku nne walimiminiwa mishale na kuporomoshewa mawe. Mfalme aliponea kwa kubadilishana mavazi na mtu wake mmoja, naye huyo akafa ndani ya mavazi ya kifalme. Tangu hapo Wallachia, nchi iliyo kati ya milima ya Karpati na mto Danube, ikawa na mwenyewe.

Basarab akamzaa Nicolae Alexandru, ambaye mwaka 1359 aliipatia nchi askofu mkuu kwa idhini ya Konstantinopoli. Nicolae Alexandru akamzaa Vladislav, mtawala wa kwanza kupiga sarafu zake, na Radu. Radu akawazaa Dan na Mircea. Kwa ndugu hawa wawili ndipo ukoo ulipopasuka.

Nchi ile haikuwa na sheria ya kurithiwa na kifungua mimba. Walikuwa na kitu walichokiita os domnesc, yaani mfupa wa kitawala. Mwanamume yeyote aliyezaliwa na mtawala, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa, alikuwa na mfupa huo, na akikubaliwa na mabwana wakubwa, boyari, alikalia kiti. Sharti jingine ni kwamba asiwe na ila mwilini. Kwa hiyo aliyetaka kummaliza mshindani bila kumuua alimkata pua.

Mircea alitawala kuanzia 1386 hadi 1418. Alipigana na Sultani Bayezid wa Waosmani huko Rovine mwaka 1395, akazikwa Cozia, katika monasteri aliyoijenga mwenyewe kando ya mto Olt. Akiwa hai, mfupa ulitulia kwa kiasi kikubwa. Alipofariki, wana wa Dan na wana wa Mircea waligeuka koo mbili zinazowindana. Vlad, mwana wa Mircea, aliingia katika Shirika la Joka mwaka 1431, ndipo akaitwa Dracul na kizazi chake kikaitwa Drăculești. Mwaka 1447 aliuawa. Mwanawe mkubwa, Mircea, alipofushwa na kuzikwa hai mjini Târgoviște, na kiti kikaenda kwa Vladislav wa upande wa Dan. Mwaka 1456 mwana mwingine wa Dracul akamuua Vladislav na kukalia kiti. Huyo ndiye Vlad Țepeș, anayejulikana duniani kwa hadithi za mnyonya damu.

Hadithi hizo zimemfunika Radu, mdogo wake. Wawili hao walipelekwa pamoja kwa Waosmani wakiwa watoto, wawe rehani ya utii wa baba yao. Mwaka 1462 Radu alirudi na jeshi la Sultani, akamng'oa kaka yake. Sijui kisa cha ukoo huu kinachoniuma kuliko hicho.

Baadaye jina likawa ndiyo hati. Neagoe, aliyetoka kwa boyari wa Craiova, alitawala kuanzia 1512 akijiita Basarab. Mwaka 1632 Matei wa Brâncoveni naye akajiita Basarab, akatawala miaka zaidi ya 20. Baba yake, Danciu, alifia mbali, akazikwa Alba Iulia ng'ambo ya milima. Matei alijenga monasteri ya Arnota, akaagiza mifupa ya baba yake ifukuliwe, ivushwe milima na kuzikwa humo. Naye, baada ya kuzikwa kwanza Târgoviște, alipelekwa kulazwa hapo hapo.