Umri wa darubini ya bunduki

Kigoma iliangukia mikononi mwa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Julai 1916. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, chini ya milima ya Minembwe na Fizi, Che Guevara alishuka Kibamba tarehe 24 Aprili 1965, akaondoka Novemba. Kila vita ilileta silaha zake, na kutu peke yake haitoshi kuzitofautisha.

Kwenye darubini ya kulengea, anza na kioo. Rangi ya zambarau au buluu inayong'aa juu yake ni utando wa kupunguza mng'ao, uliobuniwa katika kampuni ya Zeiss na Alexander Smakula mwaka 1935. Kioo cha asili kisicho nao huenda ni cha zamani zaidi, ingawa si lazima.

Kisha geuza bomba. Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili walificha jina la kiwanda kwa herufi tatu: bmj ni Hensoldt wa Wetzlar, ddx ni Voigtländer. Waingereza walikuwa wawazi: darubini yao Na. 32 ina jina la mtengenezaji na mwaka. Namba ya darubini hiyo ilipigwa pia kwenye kitako cha bunduki iliyofungwa nayo, No. 4 (T) ya wadunguaji. Zisipolingana, moja imebadilishwa.