Timu ya Taifa ya Kriketi ya Kenya: Chimbuko na Safari Yake

Timu ya taifa ya kriketi ya Kenya ndiyo pekee ya nchi isiyocheza mechi za testi, yaani zile za siku tano, iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Ilifika hapo Durban, Afrika Kusini, tarehe 20 Machi 2003. Mwaka 2014 timu hiyo hiyo ilivuliwa hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Wengi huisimulia safari hiyo kama bahati iliyokuja ikaondoka. Chimbuko la timu linasema jingine. Kenya ilipanda kwa sababu klabu chache za Nairobi, na familia chache zilizokulia kandokando yake, ziliulea mchezo kwa mapenzi. Ikashuka kwa sababu shamba hilo dogo lililimwa mwaka baada ya mwaka bila kupanuliwa.

Hesabu ya kriketi nchini Kenya huanzia 1896. Ndio mwaka ilipoanzishwa Mombasa Sports Club, na ndio ambao chama cha kriketi kiliutumia mwaka 1996 kuadhimisha karne moja ya mchezo. Ni mwaka huo huo reli ya Uganda ilipoanza kutandazwa kutoka Mombasa kuelekea bara. Waingereza ndio waliokuja na gongo na mpira, lakini ni njia ya reli iliyoleta watu ambao wangeulea mchezo wenyewe. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, ila biashara iliyofuata reli iliwavuta wengine: wenye maduka wa Kigujarati, Waismaili, Wagoa wa ofisi za serikali, mafundi wa Kisingasinga. Kila jumuiya ilijenga mahali pake pa ibada, shule yake, na mara nyingi uwanja wake.

Kriketi ya kikoloni ilichezwa kwa mafungu. Kuanzia 1910 maofisa wa serikali na walowezi walikutana katika mechi ya siku tatu iliyokuwa shughuli ya Wazungu watupu. Wahindi walicheza kwao, na ni mwaka 1933 ndipo mechi kati ya Wazungu na Wahindi zilipoanza. Mwafrika alikuwa nje ya mpangilio wote huo. Alifika uwanjani kukata nyasi na kuvuta roli la kusawazisha sehemu ya katikati ambako mpira hurushwa, kisha akatazama kutoka pembeni.

Mwaka 1951 timu ya Kenya ilicheza mechi zake za kwanza za kimataifa, dhidi ya Tanganyika. Katika miaka hiyo hiyo Wahindi wa Kenya walikuwa wakijenga uhusiano mwingine ambao haustahili kusahauliwa. Mwaka 1956 timu yao ilizuru Afrika Kusini kucheza na wachezaji waliobaguliwa na utawala wa makaburu. Miaka miwili baadaye wageni hao walikuja Afrika Mashariki wakiongozwa na Basil D'Oliveira, mpigaji ambaye nchi yake haikumruhusu kuichezea kwa sababu ya rangi yake, na ambaye hatimaye aliichezea Uingereza. Nairobi, pamoja na ubaguzi wake yenyewe, ilimpa D'Oliveira na wenzake jambo walilonyimwa nyumbani: mechi za kimataifa.

Kwa muda mrefu Kenya haikusimama peke yake. Ilikuwa sehemu ya timu ya Afrika Mashariki pamoja na Uganda, Tanzania na Zambia, iliyoingia katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, mwaka 1966 kama mwanachama mshiriki. Timu hiyo ilialikwa kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa la wanaume, Uingereza, 1975, chini ya nahodha Harilal Shah. Ilikuwa safari ngumu. Katika mechi ya kwanza Glenn Turner wa New Zealand alipata mikimbio 171 na hakutolewa; timu nzima ya Afrika Mashariki ikajibu kwa 128. India iliwashinda bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji wake yeyote kutolewa. Uingereza iliwatoa wote kwa mikimbio 94. Ukitazama majina ya kikosi kile unaona jinsi mchezo ulivyokuwa bado umefungwa ndani ya jumuiya zake: karibu wote ni Waasia, na miongoni mwa Waafrika weusi wachache alikuwemo John Nagenda wa Uganda, aliyekuja kujulikana zaidi kama mwandishi na mshauri wa rais. Alikuwemo pia Don Pringle, aliyefariki mwaka huo huo katika ajali ya gari. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, alikua akaichezea Uingereza.

Kenya ilijitoa na kujiunga na ICC kwa jina lake mwenyewe mwaka 1981. Mwaka uliofuata ilishiriki kwa mara ya kwanza katika Kombe la ICC, mashindano ya nchi zisizocheza testi.

Kufikia hapo uso wa mchezo ulikuwa umeanza kubadilika. Baada ya uhuru, na hasa baada ya sheria za uhamiaji na biashara za 1967, maelfu ya Waasia waliondoka Kenya kwenda Uingereza na kwingineko. Klabu zilipungukiwa na watu. Nyanja za Nairobi Gymkhana, Sir Ali, Aga Khan, Swamibapa na Ruaraka zilikuwa karibu na nyumba za wafanyakazi, na watoto wa Kiafrika waliokuwa wakiokota mipira walianza kupewa gongo. Hakukuwa na mpango wa serikali wala mtaala wa shule. Aliyeingia alimvuta mdogo wake. Ndiyo maana orodha ya wachezaji wa Kenya husomeka kama daftari la koo: Tom, David na Steve Tikolo, Maurice na Edward Odumbe, Martin na Tony Suji, Kennedy Otieno na wadogo zake David na Collins Obuya. Upande wa Waasia mambo yalikuwa vivyo hivyo. Yusuf Karim wa Mombasa alimwachia mchezo mwanawe Aasif, naye Aasif akamwachia Irfan. Subhash Modi, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa mwamuzi wa mechi za kimataifa, na mwanawe Hitesh alikuwa mpigaji wa timu ya taifa. Katika mechi moja ya Kenya na Bangladesh jijini Nairobi, mzee Modi aliinua kidole na kumtoa mwanawe mwenyewe.

Mwaka 1994 Nairobi iliandaa Kombe la ICC. Kenya ilifika fainali, ikapata mikimbio 281, ikashindwa na Falme za Kiarabu zilizoipita kwa kubakiwa na wiketi mbili tu. Hata hivyo fainali hiyo iliipa tiketi ya Kombe la Dunia la 1996 huko India, Pakistan na Sri Lanka. Kikosi kilichosafiri kilikuwa cha watu wenye kazi zao. Dipak Chudasama, mpigaji wa kufungua, alikuwa daktari wa meno. Thomas Odoyo alikuwa kijana wa miaka 17.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya ilikutana na West Indies, mabingwa wa Kombe la Dunia mara mbili, wakiwa na Brian Lara, Curtly Ambrose na Courtney Walsh. Kenya iligonga kwanza ikatolewa yote kwa mikimbio 166. Kati ya hiyo, 37 ilikuwa ya bure iliyotokana na makosa ya West Indies wenyewe, na hakuna mpigaji wa Kenya aliyeifikia idadi hiyo. Steve Tikolo ndiye aliyekaribia, kwa 29. Hakuna aliyetegemea kwamba 166 ingetosha. Kisha Rajab Ali akampata Lara: mpira uligusa ukingo wa gongo na kutua kwa Tariq Iqbal, mlinda wiketi aliyekuwa ameangusha mipira kadhaa katika mashindano hayo na ambaye huu hakuuachia. Lara alikuwa na mikimbio 8. Nahodha Maurice Odumbe mwenyewe alishika mpira na kuchukua wiketi 3 kwa mikimbio 15. West Indies walitolewa wote kwa 93. Siku chache baadaye Sri Lanka, waliokuja kutwaa kombe hilo, waliichapa Kenya mikimbio 398 mjini Kandy, rekodi ya dunia wakati ule, lakini Tikolo alijibu kwa 96. Timu hii ilijua kusimama baada ya kuangushwa.

Baada ya Kombe hilo ICC iliipa Kenya hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja, na Nairobi ikawa kituo kinachojulikana. Ni pale Gymkhana, tarehe 4 Oktoba 1996, Shahid Afridi wa Pakistan alipofikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 17. Wenyeji nao walikuwa na siku zao. Oktoba 1997, hapo hapo Gymkhana, Chudasama na Otieno walifungua kwa mikimbio 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka, wakati Kenya ilipoifunga Bangladesh 347 kwa wiketi 3. Mei 1998, mjini Gwalior, Kenya iliishinda India kwa mikimbio 69. Odumbe alipata 83. Mwaka 2001 iliishinda India tena, mara hii Port Elizabeth.

Kombe la Dunia la 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya shambulio la kigaidi la Novemba 2002 huko Kikambala, pwani ya Kenya, na Kenya ikapewa pointi bila mchezo. Wapo wanaolitumia jambo hilo kuifuta nusu fainali nzima. Hoja hiyo haitendi haki. Pointi za bure zilisaidia, lakini Kenya ilishinda Canada, Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe kwa kutoka jasho, na tatu kati ya hizo ni nchi za testi.

Mechi ya Sri Lanka, tarehe 24 Februari 2003, ndiyo inayokumbukwa zaidi, kwa sababu ilichezwa Nairobi mbele ya watu wa nyumbani. Kenya, iliyonolewa na kocha Sandeep Patil kutoka India na kuongozwa na Tikolo, ilipata 210. Collins Obuya, miaka 21, mrushaji wa mipira ya taratibu inayopinda ikigusa ardhi, alirusha ova zake 10, kila ova ikiwa mipira sita, na kuondoka na wiketi 5 kwa mikimbio 24, wakiwemo Mahela Jayawardene, Kumar Sangakkara na Aravinda de Silva. Sri Lanka waliishia 157, na wachezaji wa Kenya wakauzunguka uwanja mbio wakiwashukuru mashabiki.

Jioni moja huko Durban, tarehe 15 Machi, ilikuwa na uzuri wa namna nyingine. Brett Lee wa Australia aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo, wawili kati yao wakiwa ndugu, Kennedy Otieno na David Obuya. Kenya ilipata 174, na Australia ikaanza kuifukuzia kana kwamba ina haraka ya kwenda kula. Hapo ndipo Aasif Karim alipopewa mpira. Alikuwa na miaka 39, alikwisha kustaafu baada ya Kombe la Dunia la 1999 na kurudishwa kikosini, na katika ujana wake aliwahi pia kuichezea Kenya tenisi katika Kombe la Davis. Aliwatoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini hesabu ya Karim ilikuwa ova 8 na mipira 2, ova 6 bila mkimbio hata mmoja, mikimbio 7, wiketi 3. Mchezaji bora wa mechi alitoka upande ulioshindwa. Siku tano baadaye, katika nusu fainali, Sourav Ganguly alipata 111 na India ikashinda kwa mikimbio 91.

Kilichofuata kinauma kukiandika. Agosti 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Wachezaji walikuwa wakigoma kwa sababu ya malipo, na mkono mtupu haulambwi. Chama cha zamani kilivunjwa mwaka 2005 na chombo kipya, Cricket Kenya, kikaundwa. Nchi kubwa hazikuja kucheza. Kenya iliendelea kushinda miongoni mwa wa kiwango chake, ikatwaa ubingwa wa Ligi ya Dunia, Daraja la Kwanza, nyumbani Nairobi mwanzoni mwa 2007, lakini Septemba mwaka huo Sri Lanka waliipiga 260 kwa ova 20 mjini Johannesburg. Kombe la Dunia la 2011 lilianza kwa kutolewa wote kwa 69 dhidi ya New Zealand mjini Chennai, na Kenya ikashindwa mechi zake zote sita. Tikolo alistaafu baada ya mashindano hayo. Waliotakiwa kumrithi walitoka klabu zile zile.

Januari 2014, baada ya mashindano ya kufuzu huko New Zealand, hadhi ya mechi za siku moja ilikwenda. Februari 2018 Kenya ilishika mkia katika Daraja la Pili huko Namibia. Nahodha, kocha na mwenyekiti wa chama wakajiuzulu. Novemba mwaka huo ilikuwa Muscat, ikicheza Daraja la Tatu. Wakati huo huo Uganda, jirani aliyekuwa mdogo wake, ilikuwa ikijijenga hadi ikafuzu Kombe la Dunia la ova 20 la 2024, ambako iliishinda Papua New Guinea.

Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika jijini Accra, Collins Obuya aliichezea Kenya kwa mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 42.