Yamkini
Alasiri moja huko Mgololo, wilayani Mufindi, palipo kiwanda cha karatasi, nilimkuta kijana ameandika katika daftari lake matokeo ya timu aipendayo, michezo mitatu na yote imeshinda, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, neno “hakika”.

Neno lililomstahili ni yamkini, tulilolirithi kwa Kiarabu, ndugu wa imkani na wa makini, nalo twalitumia kwa jambo lielekealo kuwa ilhali halijathibiti. Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alituachia kanuni nyepesi ya kulipima: ongeza 1 juu ya idadi ya ushindi, ongeza 2 juu ya idadi ya michezo, kisha gawanya, basi kijana wetu angepata 4 kwa 5, na timu iliyoshinda mara 6 katika michezo 10 ingepata 7 kwa 12. Sare nayo ikihesabiwa mbali, kigawanyo huongezwa 3.

Naipenda mno ile 1 ya nyongeza, kwa kuwa humwachia nafasi hata asiye na historia. Maana ni nani, kwa kutazama yaliyopita peke yake, angalibashiri kwamba Tukuyu Stars wangetwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, au kwamba Mbeya City, wageni kabisa wa Ligi Kuu, wangemaliza wa tatu msimu wa 2013/14?

Kijana alisikiliza, akalikata “hakika” kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika: yamkini, 4 kwa 5.