Kitanua Mirija

Mgonjwa wa pumu anapofikishwa kasualti, iwe Nyeri mjini, Karatina au Nanyuki, mwuguzi hutazama kwanza kama anaweza kumaliza sentensi bila kukatizwa na pumzi. Kisha humgeukia aliyemleta: amepewa dawa gani? "Ya kifua." Jibu hilo halimsaidii mtu. Huku kwetu miteremkoni mwa Mlima Kenya, ambako Julai huja na baridi na moshi wa kuni, dawa ya kifua ni sharubati ya kikohozi, ni antibayotiki, ni majani ya mkaratusi, na ni inhela pia.

Ile inayofungua mirija ya hewa, madaktari wana jina lake: bronkodaileta. Mirija ya hewa mapafuni imezungukwa na misuli laini. Pumu ikishambulia, misuli hiyo hukaza, ukuta wa ndani huvimba na makamasi hujaa. Mojawapo, salbutamol, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1969, huilegeza misuli katika dakika chache, na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Uvimbe haiutibu; hiyo ni kazi ya steroidi.

Ndiyo maana "dawa ya pumu" ni jina linaloahidi makubwa mno. Wengine husema "kipanua mirija", nalo si baya, ila mimi nachagua "kitanua". Wakandarasi wa barabara ya Kenol hadi Marua walipanua, na kilichopanuliwa hubaki kipana. Kinachotanuliwa, kama kifua au miguu, hurudi kilivyokuwa. Anayepata nafuu saa mbili usiku akadhani amepona ndiye anayerudishwa alfajiri akiwa hoi. "Kilegeza" kingeieleza kazi yenyewe vizuri zaidi, lakini chumba cha upasuaji kina vilegeza misuli vyake, na hakuna anayetaka viwili hivyo vichanganywe.

Kipimo nacho kina utata. Vijana husema "pafu", neno ambalo tayari ni kiungo cha mwili, na "kupiga pafu" mitaani ni kuvuta sigara. Tuseme mpulizo. Mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida una mikrogramu 100 za salbutamol. Katika shambulio kali mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unaruhusu mipulizo 4 hadi 10 kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, na wazazi wengi hushtuka kusikia hivyo kwa sababu nyumbani wamezoea miwili. Mkono ukitetemeka na moyo ukienda mbio, dawa imefika hata kwingine. Wahudumu wanalijua hilo na wanalifuatilia.

Mipulizo hiyo haielekezwi kooni moja kwa moja. Hupitia kwenye chombo kirefu chenye nafasi, ambacho naona kiitwe kitenga-pumzi mpaka apatikane mwenye jina bora. Kisipokuwapo, chupa ya plastiki ya nusu lita hutobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa inhela, na upenyo uliobaki huzibwa. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu chupa hiyo kwa watoto wenye shambulio la pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Inhela hutikiswa, hubonyezwa mara moja, mtoto huvuta pumzi kadhaa kupitia mdomo wa chupa, kisha inhela hutikiswa tena. Kopo lililolala kwenye baridi ya Naro Moru hupashwa kwanza viganjani.

Nebulaiza ndiyo iliyotafsiriwa vibaya kuliko zote. "Mashine ya mvuke" humfanya mama aone kwamba sufuria ya maji moto na shuka kichwani ni kitu kilekile. Sivyo. Mashine haichemshi chochote. Huigeuza dawa ya maji kuwa matone madogo mno yanayoelea. Mvuke mtupu hautanui mrija, na sufuria humuunguza mtoto. Mashine ya ukungu, basi. Ukungu ni kitu ambacho mtu wa Nyeri hahitaji kuelezwa.

Istilahi zikikaa hivyo, swali la kasualti hubadilika: kitanua mirija amepata? Mipulizo mingapi, na wa mwisho ulikuwa saa ngapi? Kifua kilichokuwa kikilia filimbi kikinyamaza ghafla huku mtoto akizidi kulegea, hata hayo huulizwa akiwa tayari kwenye oksijeni.