Kipimo cha Maji ya Bustani katika Fiqhi

Khutba zetu zinapogusa israfu ya maji, aghalabu huishia kwenye udhu. Tunakumbushwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kama alivyopokea Anas bin Malik (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Ni ukumbusho wa haki. Lakini mudi, kwa hesabu ya jamhuri, ni kiasi cha theluthi mbili za lita, na mpira wa kumwagilia bustani hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika moja: udhu wa watu 15. Mpira huo huachwa juu ya nyasi nusu saa nzima, na hakuna anayeuliza.

Wanazuoni waliotangulia waliuliza. Asili ya mas-ala haya ni kesi ya Zubeir bin Awwam (r.a.) na mtu mmoja katika Ansari, waliogombania mifereji ya Harra, ardhi ya mawe meusi ya Madina, ambayo watu walinyweshea mitende. Zubeir alikuwa upande wa juu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anyweshe kisha amwachie jirani yake. Mtu yule akadai kuwa Zubeir amependelewa kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Hapo ndipo Zubeir akapewa haki yake kamili: ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo, kisha ayaachie. Imamu Zuhri anaeleza kuwa watu walipokadiria, wakaona ni kufikia vifundo vya miguu. Kipimo hicho hicho kimepokewa katika hukumu ya bonde la Mahzur. Kwa hiyo hata aliyetangulizwa kisheria aliwekewa mpaka.

Je, kifundo ni kipimo cha kila shamba na kila zama? Al-Mawardi, faqihi wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki Baghdad mwaka 450 Hijria (1058), anajibu katika Al-Ahkam as-Sultaniyya kuwa sivyo. Kipimo hufuata haja. Kisha anataja mambo matano yanayoibadilisha: aina ya ardhi, kwani ipo inayotosheka kwa maji machache, kilichopandwa, maana mtende si sawa na mazao mengine, kiangazi na kipupwe, wakati wa kupanda, kabla yake na baada yake, na hali ya maji yenyewe, kama ni ya kudumu au hukatika. Huyu ni kadhi, si bwana shamba, na ameandika karibu miaka elfu moja iliyopita.

Tulinganishe na nyumba nyingi za leo, iwe Maskati, Dar es Salaam au Minnesota. Mashine ya kumwagilia hutegwa saa mara moja, ikaachwa hivyo mwaka mzima. Humwagilia mvua inaponyesha. Nyasi hupewa sawa na mwembe, na mchanga sawa na udongo wa mfinyanzi. Katika yale matano hakuna hata moja lililozingatiwa. Vifaa vipya vyenye kutambua unyevu wa ardhini vinafanya kazi ile ile aliyoieleza Al-Mawardi. Asiyekuwa navyo achomeke kidole kwenye udongo, na ukiwa bado una unyevu asimwagilie. Amwagilie baada ya Alfajiri, jua halijapanda, maana maji ya adhuhuri mengi huenda hewani.

Oman walifika mbali katika jambo hili. Katika mafalaji yao, matano kati yake yakiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, zamu hugawanywa kwa muda, na fungu liitwalo athari ni kama nusu saa. Zamani walipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Zamu ikiisha, mfereji huelekezwa kwa mwengine.

Atakuja wa kusema: maji yangu nayalipia. Kweli, maji yaliyokwishahifadhiwa kwenye tangi ni milki ya mwenyewe kwa jamhuri ya wanazuoni, na jirani hana zamu ndani yake kama ya mfereji. Ila kumiliki hakujahalalisha kupoteza. Kupoteza mali kumekatazwa, na mali inayokusudiwa hapo ni ya mtu mwenyewe. Na bomba la mtaa, kabla ya kufika tangini, bado lina wa juu na wa chini. Aliye mwisho wa laini hupata matone wakati wa kiangazi.