Ushirika wa kahawa Kilimanjaro ulizaliwa kabla ya sheria yake

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika. Mwaka huohuo ilitimia miaka 100 tangu wakulima wa Kichagga walipoanzisha Kilimanjaro Native Planters Association, KNPA, chini ya urais wa Joseph Merinyo. Karne hiyo ilistahili kuadhimishwa nchi nzima, lakini tumezoea kuianza historia ya ushirika wetu mwaka 1933, iliposajiliwa Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU. Kwa namna hiyo tunamwachia msajili atuambie chama kilizaliwa lini, na tunasahau kwamba watu walikuwa wameshakaa pamoja, wamechanga fedha na kuchagua viongozi miaka saba kabla Tanganyika haijawa na sheria yoyote ya vyama vya ushirika.

Kahawa yenyewe ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ofisa wa Kiingereza, Charles Dundas, akawahimiza Wachagga waipande katika vihamba vyao, yaani mashamba yao ya nyumbani. Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walidai mashamba ya Waafrika yangezaa wadudu, yangechochea wizi wa kahawa na kuwakosesha vibarua. Kenya hoja hizo zilisikilizwa, na Waafrika wakazuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930. Kilimanjaro zilishindwa, na KNPA ilikuwa sehemu ya sababu: ilipambana na wadudu, ikasambaza dawa, kisha ikaanza kuuza mazao ya wanachama kwa pamoja. Kilichokuwa kikidaiwa kuwa hatari kwa zao zima kikawa kinasimamiwa na wakulima wenyewe.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Tanganyika ilikuwa ikitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndani yake mlikuwa na sura ya uwakala na sura ya ubia. Kanuni yake ya uwakala inaeleweka na mkulima yeyote: wakala hufanya kazi kwa niaba ya aliyemtuma, humtolea hesabu, hapaswi kujinufaisha kwa siri, na aliyemtuma anaweza kumwondolea mamlaka. Mkulima aliyekabidhi magunia yake kwa chama alikuwa akimtuma wakala. Lakini pasipo sheria ya kukipa chama nafsi yake, ni vigumu kujua fedha ni za nani na deni ni la nani. Biashara ilipokua na bei ya kahawa ilipoporomoka katika mdororo wa dunia, udhaifu huo ulijitokeza. Tuhuma za fedha zikawaandama viongozi, na Merinyo akaangushwa.

Mwanahistoria Susan Rogers, aliyeichambua KNPA katika miaka ya 1970, anatuonyesha kwamba hesabu mbovu zilikuwa nusu tu ya ugomvi. Gavana Donald Cameron alikuwa akijenga utawala wa kupitia machifu, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ndiyo iliyokuwa nguzo yake. Chama chenye maelfu ya wanachama, kilichovuka mipaka ya kila mangi (chifu wa Kichagga), hakikuwa na nafasi katika mpango huo. Mwaka 1928 serikali ilipofikiria kuandikisha vihamba, KNPA ilipinga, na kuanzia hapo maofisa wakaanza kuitazama kama mshindani wa machifu katika kuwasemea Wachagga. Naamini jambo hili ndilo lililoamua hatima yake kuliko daftari lolote la hesabu. Chama cha kahawa kilivumiliwa. Chama kilichozungumzia ardhi hakikuvumiliwa.

Dawa ya serikali ilikuwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932, iliyofuata mfano wa India. Iliwapa wakulima kitu cha thamani kweli: chama chenye nafsi ya kisheria, kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na wanachama ambao dhima yao ingeweza kuwekewa ukomo. Lakini katika kifurushi hichohicho alikuwamo Mrajis, yaani msajili wa vyama, mwenye mamlaka ya kusajili, kukagua na kufuta. KNCU ikaundwa juu ya vyama vya msingi na kupewa meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett. Kanuni za mamlaka za wenyeji nazo zikamlazimisha kila mkulima kuuzia humo, mwanachama na asiye mwanachama. Wakala ambaye aliyemtuma hawezi kumwondoa amekwisha kuwa kitu kingine. Bei ilipowauma wakulima mwaka 1937, hasira zao zikaishukia KNCU yenyewe, na maghala ya vyama yakashambuliwa.

Wapo watakaosema kwamba bila mkono huo wa serikali fedha za wakulima zingepotea, na kwamba KNCU ilifanikiwa sana baadaye. Yote mawili yana ukweli. KNCU ikawa miongoni mwa vyama vilivyosifiwa zaidi Afrika, na haikuwa kwa bahati kwamba Chuo cha Ushirika kilijengwa Moshi mwaka 1963. Lakini ulinzi wa fedha ulihitaji ukaguzi na nafsi ya kisheria; haukuhitaji kumnyima mkulima haki ya kumkataa wakala wake. Mambo hayo mawili yalifungwa pamoja kwa makusudi ya kisiasa, na gharama yake ilionekana mwaka 1976, pale serikali huru ilipovifuta vyama vikuu vyote vya ushirika, kikiwamo hicho kilichosifiwa, bila kuwauliza wenye kahawa. Haikulazimika kubuni mamlaka mapya kabisa. Mkoloni alikuwa ameshaizoesha nchi kwamba uhai wa chama hutoka serikalini.

Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na chama cha Kilimanjaro kikaandikishwa upya kama KNCU (1984). Miaka ya 1990 soko la kahawa likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2013, na chini yake Mrajis bado ana uwezo wa kukagua, kuchunguza na kufuta usajili. Sioni ubaya katika ukaguzi. Wizi ndani ya vyama vya msingi umewaumiza wakulima vya kutosha. Lakini kila kanuni inapotungwa ya kumwelekeza mkulima auze kahawa yake kupitia chama fulani tu, watunzi wake wanapaswa kujibu swali la mwaka 1937: akitaka kumwondoa wakala huyo, atapitia mlango gani?