Ukiambiwa "Te Quiero", Usikimbilie Kusema "Ananitaka"

Tuseme staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, anaweka picha na mtu wake, chini anaandika *te quiero*. Dakika mbili tu, watu washatafsiri: "Nakutaka." Hapo ndipo vurugu inapoanza!

Querer ya Kihispania ni kutaka, ni kweli. Ila Mhispania anamwambia hata mama yake *te quiero*, na hakuna anayeshtuka. Huku kwetu "alinitaka" ina kesi ndani yake. Na mama akikuambia "nakutaka hapa sasa hivi", jua umeharibu kitu.

Chimbuko la querer ni *quaerere* ya Kilatini, yaani kutafuta, kuuliza. Unatafuta kitu, unakihitaji, mwisho unakipenda. Njia hiyo si ya Wazungu peke yao. Simama Mbamba Bay, Ziwa Nyasa lote liko mbele yako. Vuka uingie Malawi, kwa Kichewa kutaka ni *kufuna*. Ukilirudia, *kufunafuna*, unakuwa unatafuta. Shuka kusini kabisa kwa Wazulu, huko walikotoka mababu wa Wangoni wa Ruvuma kabla ya kuvuka mto Zambezi mwaka 1835: *funa* ni kutaka na ni kutafuta, neno hilohilo. Lakini mapenzi hawakuyatia humo. Mchewa akipenda anatumia *kukonda*, kama sisi tulivyo na kupenda pembeni.

Taka yetu ilielekea kwenye kuomba na kuamuru. Unamtaka mtu radhi. Mkuu wa wilaya "awataka" wakulima wa kahawa Mbinga wafanye hivi na vile, na hapo hakuna anayetongozwa.

Halafu taka ikafanya kitu ambacho querer haikufanya: ikageuka wakati ujao. Ile -ta- ya "nitakuja" ni taka iliyokatwa mkia. Unabisha? Sema "mtu atakayekuja". Si umeiona hiyo, taka nzima imekaa katikati? Waingereza nao *will* yao ilianza hivyohivyo, ikiwa na maana ya kutaka.

Kwa hiyo jamaa akikuahidi "nitakuja Mbinga kujitambulisha kwa wazee", kihistoria amesema tu kwamba anataka kuja. Habari ya nauli hajaigusa.